Je, Mgonjwa Alaumiwe kwa Alichokula?

Senga, yaani shangazi yangu, anauza chapati na rolex Wandegeya, mwendo mfupi kutoka Chuo Kikuu cha Makerere. Huanza kukanda unga saa tisa alasiri, na wateja wake wengi, ambao ni wanafunzi kama mimi, humjia kati ya saa moja na saa nne usiku. Hufunga kazi saa tano. Akifika nyumbani, katika muzigo wetu wa chumba kimoja, hula mlo wake wa kwanza wa maana tangu asubuhi, kisha hulala papo hapo, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri lazima aamke awatayarishe watoto waende shule.

Kwa miaka kadhaa Senga amekuwa akiamka usiku wa manane akiwa ameshika kifua. Moto, anavyosema mwenyewe, hupanda kutoka tumboni hadi kooni, na mdomo hujaa maji machungu. Mwaka jana alikwenda katika kliniki moja. Mhudumu aliyempokea alimuuliza anakula nini na anakula saa ngapi. Alipojibu, mhudumu yule akatikisa kichwa na kumwambia mbele ya wagonjwa wengine, "Mama, ugonjwa huu unajitafutia mwenyewe." Akampa vidonge na karatasi yenye orodha ya vyakula vya kuacha.

Senga alimeza vidonge hadi vikaisha, na hakurudi tena. Miezi iliyofuata chakula kilianza kumkwama kifuani anapomeza, naye hakumwambia mtu. Niligundua kwa kuona kwamba kila tonge alilisindikiza kwa maji. Nilipomuuliza mbona alinyamaza, alijibu, "Nitasemaje, mwanangu, na makosa ni yangu?"

Insha hii imetokana na jibu hilo. Je, ni haki kumlaumu mtu kwa ugonjwa uliotokana na namna anavyokula? Na ikiwa si haki, je, maana yake ni kwamba mgonjwa hana wajibu wowote juu ya sahani yake? Nitajaribu kuonyesha kwamba lawama na wajibu ni vitu viwili, na kwamba tunapovichanganya tunamuumiza mgonjwa mara ya pili.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Mahali umio unapokutana na tumbo pana msuli wa mviringo unaofanya kazi kama kamba ya kufungia mdomo wa mfuko. Chakula kikifika hulegea kikapita, kisha hukaza. Msuli huo ukilegea wakati usiofaa, au tumbo likijaa kupita kiasi, asidi inayosaga chakula hupanda juu. Tumbo lina utando wa kulilinda na asidi hiyo, lakini umio hauna kinga ya namna hiyo, ndiyo maana tunahisi kuungua. Mtu akilala chali baada ya kushiba, asidi haina tena mlima wa kupanda.

Hapa Kampala watu wengi huita karibu kila maumivu ya tumbo "alusa". Lakini vidonda vya tumbo ni ugonjwa mwingine. Kiungulia cha mara kwa mara hutokana na asidi kurudi juu, na kwa sehemu kubwa hutulizwa kwa kubadili mazoea: kula kidogo kidogo badala ya kushindilia mlo mmoja, kuacha saa mbili au tatu zipite kabla ya kulala, kuinua kitanda upande wa kichwa kwa sentimeta 15 hadi 20, kulala ubavu wa kushoto, kupunguza uzito kwa aliyenenepa, kuacha sigara na kupunguza pombe. Kuhusu vyakula, watu hutofautiana. Mafuta mengi huwasumbua wengi, kwa kuwa hukaa tumboni muda mrefu. Wengine husumbuliwa na pilipili, nyanya, kahawa au soda, na wengine huvila hivyo vyote wasihisi lolote. Kwa hiyo mgonjwa hana budi kujichunguza mwenyewe, na orodha moja haiwezi kumfaa kila mtu. Zipo pia dalili ambazo hazifai kungojewa nyumbani: chakula kukwama kinapomezwa, kukonda bila sababu, kutapika damu au kupata choo cheusi. Anayeona mojawapo aende hospitali mara moja.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wanaomlaumu mgonjwa wana hoja, na si hoja dhaifu. Aristotle, katika mafunzo yake ya maadili, alisema kwamba hakuna anayemlaumu mtu aliyezaliwa kipofu, lakini kila mtu humlaumu aliyepofuka kwa ulevi. Akatoa pia mfano wa mtu anayeugua kwa sababu ya kuishi ovyo na kutowasikiliza matabibu. Mtu huyo, alisema, hawezi sasa kupona kwa kutaka tu, lakini wakati mmoja uwezo wa kutougua ulikuwa mikononi mwake. Ni kama aliyerusha jiwe: hawezi kulirudisha, lakini kulirusha au kutolirusha kulikuwa juu yake.

Hoja hii inanigusa mimi mwenyewe. Nami nina kiungulia, ingawa si kikali kama cha Senga. Chanzo chake nakijua. Saa tano usiku, baada ya kusoma au kusingizia kusoma, ninakula kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, ninateremsha kwa soda, kisha ninajilaza kitandani na simu kifuani. Hakuna aliyenilazimisha. Chakula cha jioni kilikuwapo saa moja, nami nilikuwa nacheka na wenzangu. Siku nikiungua, siwezi kumnyooshea kidole mtu mwingine. Jiwe hilo nimelirusha mimi.

Je, Senga naye amerusha jiwe? Kwa macho ya mhudumu wa kliniki, mimi na Senga ni kesi moja: sote tunakula saa tano usiku, sote tunakula chapati yenye mafuta, sote tunalala mara baada ya kula. Lakini ukitazama vizuri utaona tofauti kubwa. Mimi naweza kula saa moja, ila sitaki. Senga anataka kula saa moja, ila hawezi, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo sisi wanafunzi tumepanga foleni mbele ya sigiri yake. Chakula tunachokila sisi usiku ndicho kinachomzuia yeye kula jioni. Na hula chapati kwa sababu zilizobaki zisipoliwa zitatupwa, na kutupa chapati ni kutupa unga, mafuta na makaa aliyoyanunua.

Ushauri wa daktari, ingawa ni wa kweli, unachukulia kwamba anayepewa anaimiliki jioni yake. Okot p'Bitek, katika Wimbo wa Lawino, alituonyesha mke anayemcheka mumewe kwa kutawaliwa na saa ya ukutani. Kwa Lawino, mtoto hunyonya anapolia na si saa inapogonga. Senga si Lawino wala si mume wa Lawino. Hatawaliwi na saa yake mwenyewe, wala halishwi na njaa yake. Anatawaliwa na njaa ya wateja. Kumwambia "kula mapema" bila kumuuliza mapema yake iko wapi ni kama kumwambia asiye na kitanda alalie ubavu wa kushoto wa kitanda. Waswahili walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuna sababu ya pili ya kuogopa lawama, nayo ni kwamba wanaolaumu wamewahi kukosea. Kwa miongo mingi madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa hasa na wasiwasi, pilipili na asidi nyingi. Wagonjwa wakaambiwa wabadili tabia zao, watulize nafsi zao, wanywe maziwa. Kisha madaktari wawili wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, wakaonyesha kwamba vidonda vingi huhusiana na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Wenzao hawakuwaamini kwa urahisi, na mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe, akapata uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Kiungulia hakiletwi na bakteria huyo, na sisemi kwamba mazoea ya kula hayana uzito katika kiungulia, yanao. Ninachosema ni kwamba wagonjwa wengi walibeba aibu ya tabia zao kwa ugonjwa ambao chanzo chake kikubwa hakikuwa tabia. Hata katika kiungulia, ujauzito, baadhi ya dawa, na umbo la mahali tumbo linapokutana na kiwambo cha kifua huchangia, na hayo hakuna anayeyachagua mezani. Anayetoa hukumu mbele ya foleni ya wagonjwa anapaswa kukumbuka kwamba huenda anajua nusu tu ya kesi.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi kwangu: lawama humnyamazisha mgonjwa. Senga hakuacha kula usiku kwa sababu ya maneno ya mhudumu. Alichoacha ni kusema. Mtu akiamini kwamba maumivu ni adhabu yake, atayavumilia kama mfungwa anavyotumikia kifungo, na kuomba msaada kutaonekana kama kuomba msamaha asiostahili. Chakula kilipoanza kumkwama, dalili ambayo yeyote anayejua ugonjwa huu angeikimbilia, yeye aliificha kwa maji. Tulimpeleka hospitali akiwa amechelewa miezi. Kwa bahati njema, kipimo cha kuingiza kamera kupitia mdomoni kilionyesha umio uliovimba na kuchubuka, na hakikuonyesha saratani. Lakini kingeweza kuonyesha. Neno moja la lawama lililotamkwa kwa nia ya kumrekebisha lilikaribia kumgharimu uhai.

Msomaji anaweza kusema hapa: basi unataka tumwondolee mgonjwa mzigo wote? Ukisema Senga hana makosa, utamwambia nini kuhusu kesho? Swali hili ni la haki, na ndilo linalonifanya nitenganishe lawama na wajibu. Lawama hutazama nyuma na kuuliza, "Nani alifanya hivi?" Wajibu hutazama mbele na kuuliza, "Sasa nani anaweza kufanya nini?" Mtu anaweza kukosa hatia kabisa na bado akawa na wajibu. Mvua ikiezua paa la nyumba yangu, sina hatia, lakini ni mimi nitakayetafuta mabati. Vivyo hivyo, Senga hakujitafutia ugonjwa, lakini tumbo ni lake, na hakuna mwingine anayeweza kutafuna kwa niaba yake.

Wajibu huo una kipimo, na hapa Aristotle ananisaidia tena, safari hii upande wangu. Anasema wastani katika chakula si hesabu moja kwa watu wote. Kiasi kinachomtosha Milo, mpiganaji mieleka mashuhuri wa Wagiriki, kitamlemea anayeanza mazoezi leo; mkufunzi mwema hutazama mtu kwanza kabla ya kupima chakula. Nami naongeza: ni lazima atazame pia siku ya mtu huyo, kazi yake, kitanda chake na mfuko wake. Wajibu wa kila mmoja ni sawa na nafasi aliyo nayo. Mimi, mwenye nafasi kubwa ya kuchagua, nina wajibu mkubwa kwa tumbo langu. Senga, mwenye nafasi ndogo, ana wajibu wa kuitumia nafasi hiyo ndogo vizuri, na sisi tunaomzunguka tuna wajibu wa kuipanua.

Daktari wa hospitali tuliyokwenda alianza na swali ambalo kliniki haikuuliza: "Kwa nini unakula saa hizo?" Senga alimweleza siku yake yote, kuanzia alfajiri. Daktari akaacha orodha, wakaanza kutafuta pamoja kitu kinachoweza kusogezwa. Saa tano usiku haikuweza kusogezwa, lakini mlo uliweza. Sasa saa kumi na mbili jioni, kabla wateja hawajawa wengi, Senga hukaa kitini kwa nusu saa na kula matoke na maharage anayonunua kwa jirani yake wa biashara. Nusu saa hiyo ni mimi ninayesimama kwenye sigiri. Chapati zangu za kwanza zilikuwa na umbo la ramani ya Uganda, lakini wateja walizila. Usiku akirudi hula ndizi mbivu moja au bakuli dogo la uji, basi. Chapati zilizobaki sasa ni kifungua kinywa cha watoto. Kitanda tumekiinua upande wa kichwa kwa matofali. Binti yake mdogo anayelala naye alilalamika wiki nzima kwamba anateleza kuelekea miguuni, kisha akazoea. Vidonge vya kupunguza asidi humeza nusu saa kabla ya kula, jinsi alivyoelekezwa. Hajapona kabisa, lakini analala.

Katika orodha hiyo, hesabu ni mambo mangapi Senga angeweza kuyafanya peke yake. Ni machache. John Mbiti, aliyefundisha hapa Makerere, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba Mwafrika hujijua kuwa mtu kupitia watu wake. Mara nyingi tunalitaja wazo hilo katika mitihani kisha tunaliacha mlangoni. Kama ni kweli, basi hata tumbo la mtu si lake peke yake. Mlo wa jioni wa Senga uliwezekana kwa sababu mwingine aliitoa nusu saa yake.

Undugu huo, hata hivyo, una upande mwingine. Jamii inayotusaidia kula vizuri ndiyo pia inayotulazimisha kula vibaya. Mwezi wa Desemba tulikwenda Masaka kwa jjajja. Chakula kiliwekwa usiku sana, kama ilivyo katika sikukuu: matoke, wali, nyama, mchuzi wa karanga. Sahani ya Senga ilijazwa ikawa kilima. Kwetu, mwenye kupika hushukuriwa kwa maneno "mwebale kufumba", na shukrani ya kweli huonekana kwenye sahani iliyorudi tupu. Anayekataa chakula husemwa kwamba amekuwa mtu wa mjini, ana maringo, au anamshuku mpishi. Je, Senga ale ili asimvunje moyo mama yake, kisha akeshe akiungua? Aseme uongo kwamba ameshiba? Au akatae waziwazi?

Wapo watakaosema heshima kwa mwenyeji hutangulia, na usiku mmoja wa maumivu si kitu. Nadhani wanaielewa heshima nusu. Mwenyeji hutoa chakula kwa sababu anamtakia mgeni mema. Chakula ni ishara ya nia hiyo. Kumficha mwenyeji kwamba ishara yake inakuumiza ni kumfanya akudhuru bila kujua, na sidhani kama hiyo ni heshima. Lakini ukweli nao una adabu yake. Senga alipiga magoti karibu na mama yake, akamweleza taratibu kwamba usiku tumbo lake halipokei, akaomba apewe kidogo na amwekewe kingine kwa ajili ya mchana. Jjajja alinyamaza kidogo. Kisha akaichukua ile sahani, akapunguza kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Basi kesho nitapika mapema." Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Usiku ule niliona kwamba mwenyeji naye, akiambiwa ukweli, anaweza kumponya mgeni.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Hatuna haki ya kumlaumu mgonjwa kwa alichokula kabla ya kujua alikuwa na nafasi gani ya kula vingine, na mara nyingi tukishajua, hamu ya kulaumu hutuisha. Wajibu wake kwa mlo unaofuata unabaki, na haumhusu yeye peke yake: umo mikononi mwa daktari anayeuliza, jamaa anayeshika sigiri, na mpishi anayekubali sahani irudi na chakula. Kuhusu mimi, ambaye sina foleni ya wateja wala watoto wa kuamsha, sina pa kujificha. Saa moja jioni chakula kipo, na simu inaweza kungoja.

Na kwa wenzangu tutakaokuwa walimu, wauguzi au wazazi: siku mtu akituambia kwamba kifua chake kinawaka moto usiku, tusianze na orodha ya alichokosea. Tumuulize kwanza anakula saa ngapi, na kwa nini saa hizo. Kisha tungoje jibu.